Amiri Jeshi Mkuu: amri ya Rais kwa jeshi inapita wapi, na inakwama wapi

Usiku wa tarehe 25 Juni 2024, saa chache baada ya waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha kuvamia Bunge la Kenya, Rais William Ruto alitokea kwenye runinga, akayaita yaliyotokea uhaini na kuahidi kwamba vyombo vya usalama vitayajibu. Wengi waliomsikiliza walichukulia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewatoa wanajeshi kambini. Kumbe karatasi iliyowatoa haikuwa na sahihi yake. Lilikuwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali lenye jina la Aden Duale, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, likitaja vifungu vya Katiba na vya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, KDF.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa anayetaka kujua cheo cha Amiri Jeshi Mkuu kina uzito gani. Tumezoea kukipima kwa mizinga 21, kwa gwaride la sikukuu, kwa upanga ambao rais anayeondoka humkabidhi anayeapishwa, kama Uhuru Kenyatta alivyomkabidhi Ruto pale Kasarani Septemba 2022. Hayo ni mapambo. Ukitaka kuyaona mamlaka yenyewe, ifuate amri: nani anaiandika, nani lazima ashauriwe kabla haijatoka, nani lazima aambiwe ikishatoka, na nani anaweza kuizuia. Ukiifuata amri hiyo Nairobi, kisha ukaifuata Dodoma, utakuta marais wawili wenye cheo kilekile na nguvu zisizofanana hata kidogo.

Tuanze na Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 inampa Rais cheo hicho katika ibara ya 131, kwa maneno machache mno. Kazi ya jeshi imeandikwa kwingine, katika ibara ya 241, na ugomvi wote wa Juni 2024 ulikuwa humo. Kuna herufi tatu. Herufi (a) inasema jeshi linalinda uhuru wa nchi na mipaka yake; hiyo haina mjadala. Herufi (b) inasema jeshi litashirikiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na litaripoti kwa Bunge la Kitaifa kila linapopelekwa kwa kazi ya namna hiyo. Herufi (c) inasema jeshi laweza kupelekwa kurejesha amani katika sehemu yoyote ya Kenya iliyokumbwa na machafuko, lakini kwa idhini ya Bunge la Kitaifa tu.

Rudia kusoma (b) na (c). Mto Tana ukifurika na watu wakapanda juu ya mapaa ya nyumba, jeshi linakuja kwanza na taarifa inafuata. Hakuna atakayetaka wabunge wabishane huku maji yanapanda. Vijana wakijaa Barabara ya Kenyatta wakiwa na bendera na chupa za maji, mambo ni mengine. Hapo idhini ndiyo inayotangulia. Tofauti iko katika kile askari anachokwenda kukutana nacho. Kwenye (b) anakutana na maji, moto au kifusi. Kwenye (c) anakutana na raia wa nchi yake, naye amefunzwa kupambana na adui.

Tangazo la Duale lilizitaja zote mbili kwa pumzi moja. Lilisema KDF inakwenda kuisaidia Huduma ya Taifa ya Polisi kwa sababu ya dharura ya kiusalama iliyoletwa na maandamano yenye ghasia na uharibifu wa miundombinu muhimu. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ujanja, tena ujanja uliofikiriwa. Ukiyaita maandamano dharura unapita mlango wa (b), ambao hauna mlinzi. Halafu unaitaja na (c) ili usije ukaulizwa mbona umeiruka. Bunge la Kitaifa liliketi kesho yake, tarehe 26, likapitisha hoja ya kuidhinisha. Kwa hiyo idhini ilipatikana, ila askari walikuwa wameshatoka.

Chama cha Wanasheria cha Kenya kilikwenda Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi hakuwarudisha wanajeshi kambini. Alikubali kwamba majengo na mitambo muhimu ilihitaji ulinzi. Walioshangilia kesi ile wakitarajia magari ya deraya yageuzwe siku hiyohiyo walirudi nyumbani wamenuna. Lakini Jaji aliiamuru serikali itangaze wazi, ndani ya siku mbili, wanajeshi wanakwenda wapi, kufanya nini na kwa muda gani. Ukiniuliza, hilo lina uzito kuliko watu walivyolipokea wakati ule. Jeshi lililotumwa mahali fulani, kwa kazi fulani, mpaka siku fulani, linaweza kuhesabiwa na kuulizwa. Jeshi lililotumwa "nchini" mpaka "hali itakapotulia" limegeuka polisi wenye silaha nzito, na hakuna anayejua lini litarudi kambini. Afrika Kusini waliyaandika hayo moja kwa moja ndani ya Katiba yao, ibara ya 201: Rais akilitumia jeshi kuwasaidia polisi, lazima aliarifu Bunge upesi akitaja sababu, mahali, idadi ya watu na muda. Huko wakili hahitaji kwenda mahakamani kuomba hayo. Yamo katika barua ya Rais kwa Bunge.

Sasa, Rais mwenyewe yuko wapi katika mlolongo huu? Katiba ya Kenya imemweka kwenye meza moja na kumtoa kwenye nyingine. Meza ya kwanza ni Baraza la Usalama wa Taifa, ibara ya 240, ambalo yeye ndiye mwenyekiti wake. Wanaokaa naye ni Naibu Rais, mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, mkuu wa idara ya ujasusi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Baraza hili ndilo linaloweza kuwapeleka wanajeshi nje ya nchi, na kwa idhini ya Bunge. Meza ya pili ni Baraza la Ulinzi, linalosimamia sera na uendeshaji wa jeshi kwa ujumla. Mwenyekiti wake ni Waziri wa Ulinzi, na wajumbe ni Mkuu wa Majeshi, makamanda wa jeshi la nchi kavu, la anga na la majini, pamoja na Katibu wa wizara. Rais hayumo. Anasikilizwa, bila shaka. Hakuna waziri wa Kenya anayekaa kikao cha namna hiyo bila kujua Ikulu inataka nini. Hata hivyo akitaka jambo lifanyike, kuna mtu mwingine ambaye lazima aweke jina lake kwenye karatasi, na jina hilo ndilo linaloshtakiwa.

Maneno ya ibara hizi yanang'ata pale mahakama inapoyasoma kwa ukali. Serikali ilipotaka kuwapeleka polisi Haiti, Baraza la Usalama wa Taifa lilipitisha na Bunge likaridhia. Januari 2024 Jaji Chacha Mwita alisema Baraza hilo linaweza kuyapeleka nje majeshi ya ulinzi, halina mamlaka ya kuwapeleka polisi. Polisi wana njia yao, inayodai makubaliano ya kisheria kati ya nchi mbili. Serikali ikabidi itafute makubaliano na Haiti, na polisi wa kwanza waliondoka Nairobi mwezi uleule wa Juni wenye maandamano.

Kwenye vita, pengo kati ya kilichoandikwa na kinachotendwa ni pana zaidi. Ibara ya 132 inamruhusu Rais wa Kenya kutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Sawa. Lakini ni lini mara ya mwisho umesikia nchi yoyote ikitangaza vita? Bunge la Marekani, ambalo kwa Katiba yao ndilo lenye mamlaka ya kutangaza, lilifanya hivyo mara ya mwisho mwaka 1942. Rais Harry Truman alipeleka jeshi Korea mwaka 1950 bila tangazo la vita, na waliofuata wakaiga. Mwaka 1973, wakiwa wamechoshwa na Vietnam, wabunge wa huko walitunga sheria inayomtaka Rais awaarifu ndani ya saa 48 anapoingiza wanajeshi vitani, na kuwaondoa ndani ya siku 60 kama hajapata ridhaa yao. Tangu hapo marais wa vyama vyote viwili wamekuwa wakiandika barua za kuarifu huku wakisema hawatambui kwamba wanalazimika.

Kenya ilipita njia hiyohiyo. Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa Lamu na wafanyakazi wa misaada kutekwa Dadaab, mawaziri wawili, George Saitoti wa usalama wa ndani na Yusuf Haji wa ulinzi, waliwaambia wanahabari kwamba Kenya itawafuata Al-Shabaab ndani ya Somalia. Wanajeshi wakavuka mpaka. Operesheni ikaitwa Linda Nchi. Vita havikutangazwa. Serikali ilisema nchi inajilinda, na haki ya kujilinda iko katika Hati ya Umoja wa Mataifa. Bunge lilikuja kupiga kura Desemba, kuridhia askari hao wajiunge na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Wakati huo walikuwa ndani ya Somalia kwa zaidi ya wiki sita. Ungekuwa mbunge, ungepiga kura ya hapana vipi huku vijana wa jimbo lako wako mahandakini?

Novemba 2022 ikajirudia, safari hii hadharani. Tarehe 2 mwezi huo Ruto alikabidhi bendera kwa kikosi cha zaidi ya wanajeshi 900 waliokuwa wakielekea mashariki ya Kongo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bunge la Kitaifa liliidhinisha wiki moja baadaye, na hapo ndipo askari wa kwanza walipotua Goma. Mtu mkarimu atasema utaratibu ulifuatwa, kwa sababu ndege iliondoka baada ya kura. Mimi naona kwamba ukishampa kamanda bendera mbele ya kamera, umewaachia wabunge kazi ya kugonga mhuri.

Tanzania haina haja ya mbinu hizo, maana Katiba yake imempa Rais nafasi pana tangu mwanzo. Ibara ya 33 inamtaja kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 44 inamwezesha kutangaza hali ya vita kwanza, kisha kupeleka nakala ya tangazo kwa Spika, ambaye ndani ya siku 14 ataitisha Bunge lifikirie kama liunge mkono au lisiunge. Kenya wabunge wako mlangoni. Tanzania wako sebuleni, wanasubiri habari.

Kuna hoja nzito upande huo, na jina lake ni Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa Mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisimama Ukumbi wa Diamond Jubilee mbele ya wazee wa Dar es Salaam na kusema maneno ambayo mpaka leo Mtanzania wa rika lolote anayajua: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Aprili 1979 Kampala ilianguka. Adui akiwa ameshavunja daraja na kuswaga ng'ombe wa watu, nchi haitaki akidi, inataka mtu wa kusema "twende". Siipingi hoja hiyo. Ninachosema ni kwamba Kagera ilikuwa uvamizi wa wazi, na katiba haziandikwi kwa ajili ya siku ambazo kila mtu anakubaliana.

Ibara inayostahili kusomwa mara mbili ni ya 148. Inasema Amiri Jeshi Mkuu anaweza kuyaamuru majeshi yashiriki katika vita vya kuilinda Jamhuri ya Muungano, katika uokoaji wa maisha na mali, na katika shughuli nyingine zozote ambazo yeye ataona zinahitajika, ndani au nje ya nchi. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichoonekana Novemba 2018, wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi walipokataa bei za wanunuzi. Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na akaliagiza Jeshi la Wananchi kuikusanya na kuisafirisha. Malori ya JWTZ yakaenda maghalani. Hapakuwa na adui wala mafuriko. Palikuwa na magunia. Kwa mujibu wa Katiba, Rais aliona inahitajika, na hiyo inatosha. (Wakenya wasicheke sana. Septemba 2020 serikali yao iliihamishia Wizara ya Ulinzi ile kampuni ya umma ya nyama ya Athi River, na mapema mwaka huohuo meja jenerali alikuwa amepewa kazi ya kusimamia huduma za Jiji la Nairobi, pamoja na takataka na maji.)

Korosho zinachekesha. Oktoba 2025 haikuchekesha. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29, maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania. Amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, intaneti ikazimwa, na wanajeshi wakaonekana mitaani pamoja na polisi. Watu waliuawa, na idadi yao inabishaniwa. Ukiliweka tukio hilo pembeni ya Juni 2024 ya Nairobi, tofauti ya kikatiba inaonekana wazi. Hakuna katika Katiba ya Tanzania herufi (c) inayosema jeshi lisikutane na raia mpaka Bunge likubali. Hata ingekuwapo, Bunge lilikuwa limeshavunjwa tangu Agosti kwa ajili ya uchaguzi. Masharti magumu yamo katika ibara ya 32 ya hali ya hatari, inayodai azimio la Bunge lenye theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini kulitumia jeshi chini ya 148 hakumlazimishi Rais kwanza kutangaza hali ya hatari.

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba hofu ni moja tu, ya Rais kulitumia jeshi dhidi ya watu. Kuna hofu ya pili iliyotangulia hiyo, na ndiyo iliyofanya cheo hiki kiwekwe mikononi mwa raia: hofu ya jeshi lenyewe.

Alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza na kuingia mjini. Walitaka mishahara na walitaka maofisa Waafrika. Nyerere alikuwa Rais wa Jamhuri na mkuu wa jeshi hilo, lakini siku zile alilazimika kufichwa. Aliyekwenda kuzungumza na waasi ni waziri wake Oscar Kambona. Wiki hiyohiyo askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, nao wakagoma. Tarehe 25 makomando wa Uingereza walishuka kutoka manowari Centaur na kuwanyang'anya waasi silaha. Fikiria aibu ya jambo hilo kwa kiongozi aliyeung'oa ukoloni miaka miwili tu iliyopita: kuwaomba wakoloni waje wamrudishie amri ya jeshi lake. Alilivunja jeshi lote na kuanza upya. JWTZ ilizaliwa Septemba 1964, vijana wa chama tawala, TANU, wakiwa miongoni mwa waliosajiliwa, na Mrisho Sarakikya akawa Mtanzania wa kwanza kuliongoza.

Dawa ya Nyerere ilikuwa kukiingiza chama ndani ya kambi ili askari awe na siasa ileile ya nchi. Ilifanya kazi, kwa maana kwamba Tanzania haijawahi kupinduliwa. Ilikuwa pia na gharama, kwa sababu jeshi na chama vikawa ndugu wa tumbo moja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Katiba ilibidi iseme kinyume: ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Udugu wa karibu miaka 30 haukatwi kwa ibara moja, na yeyote aliyefuatilia siasa za Tanzania anajua ni mara ngapi jenerali aliyestaafu amepewa ukuu wa mkoa.

Milton Obote wa Uganda alichagua njia nyingine. Mei 1966 alilituma jeshi, likiongozwa na Idi Amin, kuvamia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo na kummalizia mpinzani wake wa kisiasa. Januari 1971, Obote akiwa Singapore mkutanoni, Amin yuleyule alichukua nchi. Kenya nayo ilipata lake tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walipoteka kituo cha redio na kutangaza kwamba serikali ya Moi imekwisha. Askari watiifu waliwazima ndani ya siku moja, na jeshi la anga likavunjwa.

Ndiyo maana mamlaka makali kuliko yote aliyonayo kamanda wa kiraia, kwa siku za kawaida, ni ya kuteua na kufukuza. Mfano unaotajwa vyuoni ni wa tarehe 11 Aprili 1951, Truman alipomwondoa Jenerali Douglas MacArthur katikati ya vita vya Korea kwa kuipinga hadharani sera ya serikali. MacArthur alikuwa shujaa aliyependwa; Truman alikuwa hapendwi. Jenerali alikabidhi ofisi na kurudi nyumbani kuhutubia. Hakuna kifaru kilichotoka.

Linganisha na Kampala. Oktoba 2022 Muhoozi Kainerugaba, wakati huo kamanda wa majeshi ya nchi kavu, aliandika mtandaoni kwamba yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi ndani ya wiki mbili. Amiri Jeshi Mkuu, Rais Yoweri Museveni, ambaye ni baba yake, aliomba radhi kwa Wakenya, akamwondoa kwenye kamandi hiyo, na papo hapo akampandisha cheo kuwa jenerali kamili. Machi 2024 akamfanya Mkuu wa Majeshi. Kwenye karatasi Museveni ni raia, mwanajeshi mstaafu. Nani anamwamuru nani katika nyumba ile, Katiba ya Uganda haina ibara ya kukwambia.

Kenya yenyewe ina kisa kisichosahaulika. Agosti 2022 Francis Ogolla, akiwa makamu wa Mkuu wa Majeshi, alikuwa katika ujumbe wa maofisa wa serikali uliokwenda Bomas wakati kura za urais zinajumlishwa. Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alidai walikwenda kumshinikiza. Ibara ya 239 inavikataza vyombo vya usalama kupendelea upande wowote wa siasa. Ruto, aliyetangazwa mshindi siku hiyo, alimteua Ogolla kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka uliofuata, na akasema waziwazi kwamba anajua alikuwa Bomas na amemteua kwa sifa zake. Wapo waliouona huo kuwa uungwana. Unaweza pia kuusoma kama onyo kwa maofisa wengine wote kwamba msamaha, kama adhabu, unatoka kwa mtu mmoja. Ogolla alikufa katika ajali ya helikopta Aprili 2024, na Charles Kahariri akachukua nafasi yake.

Linabaki swali la askari aliye mwisho wa mlolongo, mwenye bunduki. Sheria za kijeshi za nchi hizi zinamwadhibu anayekaidi amri halali. Neno "halali" limewekwa kwa makusudi, ila linamwachia koplo wa miaka 24 kazi ya kupima katika sekunde tatu jambo ambalo majaji hulipima kwa wiki tatu. Kwa hiyo mzigo unarudi juu, kwa aliyetoa amri, na juu huko katiba zetu mbili zinaachana tena. Ibara ya 46 ya Tanzania inapiga marufuku kumshtaki aliyekuwa Rais kwa jambo lolote alilolifanya kama Rais, isipokuwa kama Bunge ndilo lililomwondoa madarakani. Ibara ya 143 ya Kenya inampa Rais kinga akiwa ofisini, lakini inasema kinga hiyo haifuniki uhalifu unaotokana na mkataba ambao Kenya imeuridhia na ambao wenyewe unakataa kinga. Mkataba uliokusudiwa unajulikana: ule wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Ibara yake ya 28 inamgusa pia mkuu aliyejua, au aliyepaswa kujua, walichokuwa wakifanya walio chini yake na asiwazuie. Kenya iliuridhia mwaka 2005. Tanzania, pamoja na ibara yake ya 46, ilikuwa imeuridhia tangu 2002.